Uvimbe wa Taya na Madaftari ya Kuluva



Kama ulivuka mpaka kutoka Sudan Kusini kupitia Koboko, huenda unalijua jina la Kuluba, mahali ambapo wakimbizi wengi walipokelewa kabla ya kupelekwa kwenye makazi. Leo twende kusini zaidi, upande wa Arua, kwenye mahali penye jina linalofanana nalo. Ni hospitali ya Kuluva, kando ya barabara iendayo Nebbi. Ni hospitali ya kijijini, lakini mambo yaliyoandikwa katika madaftari yake yalisaidia dunia nzima kuelewa ugonjwa mmoja wa watoto. Na ugonjwa huo upo bado katika eneo hili tunaloishi mimi na wewe.

Kabla ya yote, nakuomba ushike jambo moja. Ukiona taya ya mtoto imevimba, au meno yake yamelegea bila sababu, usimpeleke kung'olewa jino kisha ukamrudisha nyumbani kungoja. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo. Sasa nikueleze tulijuaje hayo.

Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, alikuwapo daktari wa upasuaji aliyeitwa Denis Burkitt. Alizaliwa Ireland mwaka 1911, na alipokuwa mtoto alipoteza jicho la kulia. Siku moja mwenzake, Dkt. Hugh Trowell, alimwita amtazame mtoto wa kiume wa miaka 5. Taya zake zilikuwa zimevimba pande zote mbili, juu na chini. Burkitt hakuwahi kuona kitu kama hicho. Majuma machache baadaye, akiwa Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uvimbe ule ule, na huyu alikuwa na uvimbe tumboni pia. Akajiuliza: watoto wawili wa mahali tofauti, wenye ugonjwa mmoja, inawezekanaje?

Akafungua mafaili ya zamani ya hospitali, akawakuta wengine. Mwaka 1958 akaandika habari zao katika jarida la madaktari wa upasuaji la Uingereza. Kisha, kwa ruzuku ndogo ya pauni 25, akatuma karatasi zenye picha za watoto hao kwenye hospitali nyingi za Afrika, akiuliza: Je, mmewahi kuona hili?

Majibu yalipokuja, aliona kwamba ugonjwa huo upo sehemu fulani na haupo nyingine. Ili ajue mipaka yake, mwezi wa Oktoba 1961 alianza safari ya barabara kutoka Kampala hadi Afrika Kusini, kwa gari kuukuu. Alisafiri na madaktari wawili. Mmoja alikuwa Cliff Nelson, Mkanada. Wa pili alikuwa Ted Williams, mmishonari Mwingereza, ambaye ndiye daktari wa Kuluva yetu. Williams alijua pia kutengeneza gari, na katika barabara za wakati ule huo nao ulikuwa udaktari. Kwa majuma 10 walikwenda kilomita 16,000 hivi, wakapita hospitali zaidi ya 50, wakiuliza swali lile lile kila mahali.

Waliona kwamba ugonjwa huu unapenda nchi za joto na mvua. Milimani, penye baridi, haukuwapo. Ramani yao ilifanana sana na ramani ya malaria. Mipaka ya serikali haikuwa na maana yoyote kwa ugonjwa huu, na wewe uliyevuka mpaka unaweza kuelewa hilo: mbu wa ng'ambo ya mto ni yule yule wa huku.

Sasa, ugonjwa wenyewe ni nini? Katika damu yetu mna chembe nyeupe za kinga, ndizo askari wa mwili. Aina moja ya askari hao kazi yao ni kutengeneza silaha za kupigana na vijidudu. Ugonjwa huu ni kansa ya askari hao wenyewe. Mmoja wao anaharibika, anaanza kuzaana bila kusikia amri ya kuacha. Ndiyo maana uvimbe hukua haraka mno: unaweza kuongezeka maradufu kwa siku moja au mbili. Kansa hii leo huitwa limfoma ya Burkitt.

Mwezi wa Machi 1961 Burkitt alitoa hotuba huko London. Kati ya wasikilizaji alikuwamo mtafiti kijana, Anthony Epstein. Baada ya kusikia kwamba ugonjwa unafuata joto na mvua, Epstein alifikiri: huenda kuna kirusi ndani yake. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege kutoka Uganda hadi London. Mwaka 1964 Epstein, pamoja na Yvonne Barr na Bert Achong wa kutoka Trinidad, wakatangaza kwamba wamekiona kirusi kipya katika chembe hizo. Kinaitwa Epstein-Barr mpaka leo. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na kansa ya binadamu.

Lakini usiogope jina hilo. Karibu kila mtu duniani ana kirusi hiki, nami nawe pia. Hukaa kimya ndani ya askari wetu, na askari wengine hukilinda kisiamke. Basi kwa nini mtoto huyu augue na yule asiugue? Hapo ndipo Kuluva na West Nile zilipotoa jibu.

Aliporudi Kuluva, Dkt. Williams aliendelea kuandika kila mtoto aliyekuja na uvimbe huu: anaishi wapi, alianza kuugua lini. Mwaka 1967 yeye na wenzake walichapisha hesabu za West Nile za miaka ya 1961 hadi 1965. Zilionyesha kwamba watoto waliokaa karibu waliugua karibu wakati mmoja. Hakuna mashine kubwa iliyotumika kulijua hilo. Ilitosha daktari kuuliza jina la kijiji na kuliandika, na mzazi kujibu kweli.

Kisha, kuanzia mwaka 1972, watafiti walipita vijiji vya West Nile na kuchukua damu kidogo ya watoto wapatao 42,000 waliokuwa wazima, ikahifadhiwa kwenye baridi. Wakangoja. Baada ya miaka, watoto 14 kati yao waligundulika kuwa na kansa hii. Damu yao ya zamani ilipopimwa, ilionyesha kwamba kabla ya kuugua tayari miili yao ilikuwa ikipambana na kirusi hicho kuliko watoto wenzao. Hayo yalitangazwa mwaka 1978. Mwaka uliofuata ilikuja vita iliyomwondoa Idi Amin, na maelfu ya watu wa West Nile wakakimbilia Sudan na Zaire. Wazazi waliokubali watoto wao wachomwe sindano kwa ajili ya watoto wa wengine, wengi wao wakawa wakimbizi kama wewe. Lakini damu waliyotoa ilikuwa imekwisha kufanya kazi yake.

Na malaria? Malaria inayorudi mara kwa mara huwasukuma askari wale wazaane sana, na wakati huo huo huwachosha wale wanaokilinda kirusi. Katika kuzaana kwa haraka, kosa linaweza kutokea ndani ya chembe moja, nayo ikawa kansa. Si kila mtoto mwenye malaria atapata kansa, ni wachache tu. Lakini chandarua, dawa ya malaria iliyomalizwa yote, na chanjo ya malaria pale inapotolewa, humlinda mtoto kwa zaidi ya njia moja.

Habari njema ni kwamba kansa hii inatibika. Miaka ile ile ya 1960 Burkitt aliona uvimbe ukinywea baada ya dozi chache tu za dawa, na baadhi ya watoto wakapona kabisa. Mwaka 1967 ikafunguliwa Taasisi ya Kansa ya Uganda hapo Mulago, ambayo baadaye iliongozwa na Mganda, Dkt. Charles Olweny. Mpaka leo watoto hutibiwa hapo, na pia katika hospitali ya Lacor, Gulu, ambayo ni karibu zaidi nasi.

Basi, mama, baba, na wewe dada unayelea wadogo zako peke yako, sikiliza. Angalia taya, jicho linalotokeza nje, tumbo linalokua haraka, au miguu inayokosa nguvu ghafla. Usikubali uvimbe ukatwe kwa wembe wala uchomwe moto. Huu si uchawi, si laana, na mtoto huyu hawaambukizi wenzake. Waache walale na kula pamoja. Mwambie mhudumu wa afya wa kijiji chako, na kituoni omba barua ya rufaa. Taja siku uvimbe ulipoanza, maana siku ni muhimu. Na matibabu yakianza, usiondoke uvimbe unaponywea. Kunywea si kupona. Nywele zitadondoka, zitaota tena. Maliza dozi zote.

Na mhudumu akiuliza umetoka kijiji gani na mtoto alianza kuugua lini, usichoke kumjibu. Mwambie aandike.

 Mpe jirani yako karatasi hii akimaliza kupika.