Tangazo Halikusema Miezi Sita

Haya ni mazungumzo ya mwelimishaji wetu wa afya na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne. Tumeyafupisha kidogo.

Haya, huko nyuma acheni kusukumana, sitawachelewesha.

Mwalimu wenu ameniomba niongee juu ya kujitolea. Mkimaliza mtihani mtakaa nyumbani mkisubiri matokeo, na matangazo mnayaona kwenye simu: "Tunahitaji vijana wenye moyo wa kusaidia jamii." Basi. Moyo tu! Kazi gani, wapi, kwa muda gani, hakuna.

Mimi niliitikia tangazo kama hilo nilipomaliza kidato cha sita. Shirika sitalitaja. Nilidhani tutapanda miti. Kumbe kazi ni kumtembelea mgonjwa wa kifua kikuu nyumbani kwake na kuhakikisha anameza dawa. Nikapewa bibi mmoja wa mtaa wa pili. Siku ya kwanza nilisimama mlangoni, leso puani, kila akikohoa narudi nyuma. Bibi akaona. Akaniambia, "Mjukuu wangu, kama unaogopa nenda tu, sitakasirika."

Laiti walionituma wangeniambia mambo mawili matatu! Kifua kikuu cha mapafu huenea kwa hewa, mgonjwa anapokohoa. Hakienei kwa kushikana mikono wala kula sahani moja. Mkikaa nje, au madirisha yakiwa wazi, hatari inapungua sana. Na mgonjwa akimeza dawa zinazomfaa, uwezo wake wa kuambukiza hushuka haraka. Haya nilikuja kuyasikia kwa muuguzi wa zahanati, tena kwa kumuuliza mwenyewe.

Halafu kuna muda. Matibabu ya kifua kikuu kwa kawaida ni miezi 6. Mgonjwa akiacha katikati, vijidudu vinaweza kuwa sugu, dawa zile zile zisimsaidie tena. Mimi baada ya miezi 3 nikaitwa chuo, nikaondoka. Hakuna aliyeniuliza mapema kama nitakuwepo mpaka mwisho, wala hakuwekwa mtu wa kunipokea. Nilisikia baadaye kwamba bibi aliendelea kunitolea kiti chini ya mwembe, kila Jumatatu na Alhamisi, kama wiki mbili hivi. Dawa alimaliza, binti yake alimsimamia. Lakini kile kiti mpaka leo kinanisumbua.

Sasa, wenzangu wa mashirika nawaambia, na sisi tumo: sema kazi yenyewe, sema na muda wake. Mtu akikimbia baada ya kusoma, afadhali akimbie hapo kuliko mlangoni kwa mgonjwa.

Fedha je? Mwaka jana sisi wenyewe tuliandika "nauli itarudishwa", tukasahau kusema ni kwa risiti. Vijana wakaja na bodaboda. Bodaboda gani anatoa risiti? Mhasibu akagoma, tukaishia kuchangishana. Aibu tupu! Kama posho hakuna, andika hakuna. Na ukiambiwa ununue fomu ndipo upewe nafasi ya kujitolea, shtuka.

Kama utagusa damu au sindano, waulize glavu ziko wapi na ukichomwa bahati mbaya utapelekwa wapi. Ukichomwa, unaosha kwa maji na sabuni, halafu mbio kituo cha afya. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze mapema kabisa, zisipite saa 72. Hilo huwezi kuanza kulitafuta siku ya ajali, eti meneja yuko safarini.

Na umri. Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 hapa Tanzania, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Programu ya kujitolea ya Umoja wa Mataifa, iliyoanzishwa mwaka 1970, inasema wazi haichukui walio chini ya miaka 18. Shirika linalokuchukua wewe wa miaka 16 likueleze litapataje ruhusa ya mzazi wako. Tena likupe jina la mtu, si "ofisi", utakayemwambia endapo kiongozi wako anakushikashika au anakuita usiku. Ukiuliza hilo wakacheka, ondoka.

Mnacheka? Subirini. Wakati naingia nimeona ubaoni tangazo la klabu yenu ya afya: "Wanaopenda wajiandikishe." Wanaopenda nini? Nimemuuliza kaka mmoja pale nje, kasema nadhani ni kufagia zahanati. Nadhani! Jumamosi ngapi? Saa ngapi mpaka saa ngapi? Mafagio ya nani? Taka zenye sindano nani anazigusa? Maana nyinyi hamtakiwi kuzigusa kabisa.

Mwenyekiti wa klabu yuko wapi? Njoo dada, chukua chaki, tulifute tuliandike upya.