Bei Isiyo na Mauzo: Namna ya Kuandika Kanuni ya Kuchuja Hisa

Kanuni ya kuchuja hisa ni fungu la masharti ambalo kompyuta huipima kwalo kila hisa ya soko, ikibakiza zile tu zinazoyatimiza yote. Wanaojifunza wengi huanza na kipimo cha RSI, alichokitoa Mmarekani J. Welles Wilder mwaka 1978: wastani wa kupanda kwa bei kwa siku 14 hugawanywa kwa wastani wa kushuka kwake, kisha jibu hugeuzwa kuwa namba kati ya 0 na 100. Ikiwa chini ya 30, husemwa hisa imeshuka mno, inafaa kununuliwa. Hoja yangu ni kwamba katika masoko ya hisa ya Afrika Mashariki sharti hilo lisitangulie. Litangulie la mauzo: katika siku hizo 14, hisa iliuzwa siku ngapi?

Hesabu yenyewe inashuhudia. Katika Soko la Hisa la Dar es Salaam, lililoanza mauzo mwaka 1998, zipo hisa zinazopitisha siku kadhaa bila kuguswa. Tuseme hisa moja imekaa siku 13 hivyo, na siku ya 14 mtu mmoja aliyebanwa na ada ya shule akauza chache kwa kupunguza shilingi 10. Kupanda ni sifuri, basi kwa wastani wa kawaida RSI ni 0. Kanuni itaiweka juu kabisa ya orodha, kana kwamba soko zima limeikimbia, kumbe aliyeuza ni mmoja. Isipouzwa kabisa ni vibaya zaidi: sifuri hugawanywa kwa sifuri, programu moja ikaandika 0, nyingine 100, nyingine ikaacha nafasi tupu.

Mtu atauliza: Kongo haina soko la hisa, haya yanatuhusu nini hapa Baraka? Yatuhusu kwa ndagala, wale samaki wadogo wa ziwa letu. Ziwani Tanganyika ndagala huvutwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa hushindwa na mitumbwi mingi hupumzika. Bei inayotajwa siku hizo ni ya masalio, na mchuuzi mzoefu huuliza kwanza magunia mangapi yamefika. Zaidi ya hapo, mtu akiipima bei ya ndagala kwa siku 14, zaweza kuangukia karibu zote gizani. Afadhali 29 au 30, zinazobeba mwezi mwandamo mzima. (Namba 14 haikuteremka kutoka mbinguni.)

Pingamizi zito zaidi ni kwamba sharti la mauzo litabakiza hisa chache mno: katika soko la Nairobi, pengine kampuni ya simu ya Safaricom na mabenki. Ni kweli, lakini anayenunua hisa isiyo na wanunuzi atawangoja haohao siku ya kuuza. Kiwango kifuate mfuko wa mtu. Mwenye dola 200 aweza kuandika: iliuzwa angalau siku 10 kati ya 14, NA mauzo ya siku yanafikia dola 4,000, NA RSI iko chini ya 30. Mfuko wa pensheni ukiiazima kanuni hiyohiyo, uanze kwa kuifuta ile 4,000.