Kinyama cha Utumbo, Dripu na Homa ya Usiku
Msikilizaji, wapo wanaoambiwa wana kinyama kwenye utumbo mpana, wakatoka hospitali wakilia, wakidhani kinachofuata ni dripu za saratani. Sivyo. Kinyama hakitibiwi kwa dripu. Daktari hukikata kwa waya mwembamba unaopitishwa ndani ya mpira wenye kamera, kisha hukipeleka maabara. Vingi havina saratani. Baadhi vikiachwa hugeuka kuwa saratani, mara nyingi baada ya miaka 10 au zaidi.

Tibakemia, yaani hizo dripu za saratani, huja pale saratani imeshajitokeza. Ikiwa imefika kwenye tezi za limfu, kwa kawaida mgonjwa hupasuliwa kwanza, halafu hupewa dawa kwa miezi 3 hadi 6 ili kuua chembe zilizosalia.

Dawa moja inayotumika sana, oksaliplatini, haipatani na baridi. Mgonjwa akishika chupa iliyotoka kwenye friji, vidole humchoma kama sindano. Akinywa, koo humbana. Mpeni maji ya vuguvugu, na vitu vya kwenye friji atolewe na mwingine. Mchomo huo au ganzi ya vidole ikiendelea hadi dripu inayofuata, amwambie daktari bila kuona haya, maana dozi inaweza kupunguzwa.

Na homa! Nyuzi joto 38 kwenda juu kwa mgonjwa huyu si ya kumeza parasetamo na kulala. Huenda chembe nyeupe za damu zimeshuka, na mwili hauna kinga. Mpelekeni hospitali saa hiyohiyo, hata usiku wa manane, na mkifika mlangoni tu semeni yuko kwenye tibakemia.