Kazi ya Kuuliza na Kuandika
Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana waanzao kazi ya kuzuia maradhi ya kuambukiza



Wengi huja katika kazi ya afya wakitazamia dawa na koti jeupe. Badala yake hupewa daftari, kalamu na njia ndefu ya miguu, wakaulize: Nani mgonjwa? Tangu lini? Amelala na nani, amekula na nani? Basi husikitika, wakidhani wamepewa kazi ya watoto. Nataka kuwaeleza nguvu ya kazi hiyo kwa habari ya ndui.

Ndui kali iliua watu wapatao 3 katika kila 10 walioshikwa. Lakini ilikuwa na udhaifu wake. Haikukaa katika wanyama, na vipele vyake vilionekana wazi usoni na mikononi. Tena mtu aliyekaribiana na mgonjwa, akichanjwa katika siku 3 au 4 za kwanza, mara nyingi aliokoka. Mwaka 1966, mashariki ya Nigeria, chanjo ilikuwa haba. Daktari William Foege na wenzake wakawatafuta wagonjwa kwanza, kisha wakawachanja waliowazunguka, na ndui ikakoma pale ingawa watu wengi hawakuchanjwa. Tangu hapo mwenye kutafuta wagonjwa akawa mtu mkubwa kuliko alivyojiona. Alipita nyumba kwa nyumba na sokoni, akionyesha picha ya mwenye ndui na kuuliza. Kuchanja kwenyewe kulikuwa kwa sindano ya ncha mbili, hudungwa mara 15 juu ya ngozi, na mtu asiye mganga alifundishika upesi. Kuuliza ndiko kulikokuwa kugumu, kwani watu huficha wagonjwa wao kwa hofu ya kutengwa.

Sasa sikilizeni yaliyotokea Merca, mji wa pwani ya Somalia. Mwezi wa Oktoba 1977 gari lilileta watoto wawili wenye ndui, na dereva akasimama hospitalini kuuliza njia. Mpishi wa hospitali, Ali Maow Maalin, kijana wa miaka 23, akapanda kumwongoza. Safari ilikuwa ya dakika chache tu. Maalin alikuwa hana kinga. Aliiogopa sindano, kama alivyosema mwenyewe baadaye. Zilipopita siku kama 10 akashikwa na homa. Ikadhaniwa malaria, vipele vilipotoka, ikadhaniwa tetekuwanga, akarudishwa nyumbani, na rafiki zake wakaja kumjulia hali. Mwisho wa mwezi ikajulikana kuwa ni ndui.

Hapo ndipo daftari lilipofanya kazi. Waliandikwa watu 161 waliokaribiana naye, wakatafutwa na kuangaliwa. Jina moja likisahauliwa, moto ungaliweza kuwaka upya mahali pengine. Nyumba zikakaguliwa, njia zikawekwa walinzi, na watu zaidi ya 50,000 wakachanjwa katika majuma mawili. Hakuna aliyeambukizwa naye, na mwenyewe akapona. Ndiye mtu wa mwisho duniani aliyepata ndui kwa njia ya kawaida. Tarehe 8 Mei 1980 Mkutano Mkuu wa Shirika la Afya Duniani ukatangaza kwamba ndui imekwisha.

Maalin naye akaingia kazi hii, akiwasihi wazazi wa Somalia wawachanje watoto wao wasipate polio, na kuwasimulia hofu yake ya zamani. Alifariki Julai 2013, katika wakati wa kampeni hiyo.

Kazi haijabadilika. Maradhi ya Marburg yalipozuka Kagera mwaka 2023, waliokaribiana na wagonjwa waliangaliwa siku 21. Kijana akifika siku ya 20 akaambiwa, "Hajambo, yuko shambani," asiandike kwamba ni mzima. Na aende shambani amwone kwa macho, ampime joto. Nanyi wazee, mpeni mtu wa kumwonyesha njia.