Safu Mlalo na Safu Wima



Hapa Moshi nilimwona kijana akichora, kwa lugha ya programu iitwayo Python, ubao wa Tetris, mchezo alioubuni Alexey Pajitnov mwaka 1984. Ubao huo una viraba 200: upana 10, kimo 20. Maelezo aliyopewa yalitaja tu "safu 10 na safu 20". Akaunda orodha 10, kila moja yenye viraba 20. Ubao ukalala ubavu. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Neno ndilo lililompotosha.

Je, Kiswahili ni maskini? La hasha. Mkulima wa kahawa katika miteremko ya Kilimanjaro anajua kwamba safu iliyokingama hupunguza kasi ya maji, ilhali inayoshuka huyaachia yachukue udongo. Tofauti hiyo lugha inayo: safu mlalo na safu wima. Kasoro ni yetu sisi tunaofupisha istilahi. Basi tumwambie kijana kwa ukamilifu: orodha ya nje ina safu mlalo 20, na ndani ya kila moja mna viraba 10, kimoja kwa kila safu wima.