Nondo wa Rangi Mbele ya Kamera



Tukitaja nondo, tunajua kamati za ujenzi zinawaza vyuma na bei yake. Leo tunamzungumzia mdudu, ndugu wa kipepeo. Wengi wetu tunamjua yule wa kijivu anayezunguka taa usiku. Huyu tuliyempiga picha katika msitu wa pwani huruka mchana, mbawa zake zina mikia, na juu ya weusi wake anang'aa kijani, bluu na dhahabu. Wataalamu humwita Chrysiridia croesus. Ana ndugu yake kule Madagaska, ambaye Mwingereza Dru Drury alipomwandika mwaka 1773 alimdhani ni kipepeo. Basi mkikosea msione haya.

Picha zetu za kwanza zilitutia aibu. Tuliwaomba vijana wamkamate, mmoja akambana mbawa kwa vidole, nasi tukapiga. Tulipoikuza picha kwenye kompyuta tukaona unga wa rangi umebaki kidoleni, na ubawa una doa tupu. Unga ule ni magamba madogo yaliyopangwa kama vigae vya paa. Yakishatoka hayaoti tena. Picha hiyo hatukuitia kwenye kalenda, ingawa ndiyo iliyong'aa kuliko zote.

Mara ya pili tulifika alfajiri, mdudu akiwa bado hajapata joto la jua na ametulia jani moja. Tuliiweka kamera juu ya miguu mitatu, lenzi ikiuelekea ubawa sawasawa, maana kwa karibu namna ile ukitikisika kidogo tu picha inapotea. Taa tuliiweka ubavuni. Tulipoisogeza, kijani kikageuka bluu! Weusi ni rangi hasa, lakini kijani na bluu havikupakwa kitu. Kila gamba limepinda na lina matabaka membamba yenye hewa katikati, na mwanga ukirudi kutoka humo ndipo tunaona rangi.

Viwavi wa yule wa Madagaska hula mimea ya jamii ya Omphalea tu, na nondo wenyewe huhama baina ya misitu ya mashariki na ya magharibi wakiifuata. Msitu ukikatwa upande mmoja, safari hiyo haina mwisho wa kufikia.

Kamera tunayo moja, nayo itazunguka. Parokia inayoihitaji ituandikie, na itueleze kwanza ni kipande gani cha msitu kimebaki kwao na ni nani wanakata kuni humo.