Pumzi na Mkao wa Kila Siku
Yoga, neno la Kisanskriti lenye maana ya kuunganisha, ni mazoezi ya mwili na pumzi yaliyoanzia India. Katika hoteli za Diani, kaunti ya Kwale kwenye pwani ya Kenya, hufundishwa zaidi kwa wageni, jambo la kusikitisha, kwa kuwa wenyeji wa Kwale tayari wanayo misingi yake. Mama wa Msambweni akaaye juu ya mbuzi, yaani kibao chenye chuma cha kukunia nazi, au achuchumaaye kuchochea kuni, hunyoosha nyonga na vifundo ambavyo kiti cha ofisini hukakamaza. Kinachosahaulika ni pumzi: kuvuta hewa polepole kwa pua na kuitoa kwa muda mrefu zaidi hutuliza mapigo ya moyo, na mtu aweza kufanya hivyo hata akisubiri matatu pale Ukunda.